Muhuri wa Maktaba na Kuku wa Mama

Naanza kwa kukiri kabisa kwamba mpaka leo nikishuka kwenye gari pale Misigiri, nyumbani kwetu, sipiti njia ya mbele. Nazunguka nyuma ya mashine ya kusaga, napita kwenye mashamba ya alizeti ya watu, naibukia jikoni kwa mama kama mtu aliyekuja kudokoa mboga. Njia ya mbele ina watu, na watu wa kwetu wana adabu, hawakutukani, wanakuuliza tu kwa upole, "Mwalimu, leo umetuletea habari gani?" Wanacheka, na mimi nacheka (nitafanyaje), naongeza mwendo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili kwenye shule moja ya sekondari hapa Singida mjini, upande wa Utemini, na nilipofika pale nikakabidhiwa na maktaba, yaani chumba kimoja chenye rafu, vitabu vilivyochanika majalada, marundo ya magazeti ya zamani na muhuri mmoja wa duara. Kwa kuwa nilikuwa na magazeti nikaambiwa basi chukua na klabu ya habari, na mimi nikaichukua kwa mikono miwili kwa sababu (niseme ukweli) hakuna kitu nilichokuwa nakipenda kama kusimama mbele ya wale watoto na kuwaambia watu wengine wanavyodanganyika. Tulisoma aina za vyombo vya habari, kipi kinachapishwa, kipi kinasikika, kipi kinatazamwa, kipi ni cha mtandaoni, na habari za kupeana mdomo kwa mdomo nazo zinavyosafiri. Tukasoma namna ya kuikagua habari kabla hujaimeza: nani kasema, lini, amejuaje, na nani mwingine anasema hivyo. Nilikuwa nayasema hayo maneno huku nimeshika kiuno.

Sasa Ijumaa moja nikapanga zoezi. Nikaandika matangazo matatu kwa mkono, mawili ya kweli niliyoyatoa kwenye gazeti na redio, na moja la kutunga kichwani mwangu, nikataka niyabandike kwenye ubao wa matangazo pale getini, wanafunzi wayasome, kisha Jumatatu kila mtu aje aniambie lipi la uongo na amelijuaje. Lile la kutunga nikaliandika hivi: "Tangazo kwa wafugaji wote. Kuanzia Jumatatu, kuku wote wa kienyeji watakaokutwa nje ya mabanda watakamatwa na kuteketezwa ili kuzuia ugonjwa. Hakuna fidia. Kwa amri." Kwa amri ya nani sikuandika, na hapo ndipo nilipoficha mtego wangu. Kuku niliwachagua kwa sababu mtoto wa Singida humwambii kitu kuhusu kuku asikusikilize.

Nikaliangalia lile tangazo nikaliona limepooza. Hata mtoto wa shule ya msingi angejua ni la kutunga. Nikajiambia hapana, hawa watoto wajanja, lazima nilitie chumvi kidogo, na hapo mezani mbele yangu ulikuwepo muhuri wa maktaba, ule tunaogonga kwenye kitabu kipya kikiingia, una neno MAKTABA juu na neno IMEPOKELEWA katikati. Nikaufungua wino, nikagonga. Tangazo likabadilika sura hapo hapo. Nyie mnajua sisi na muhuri. Upeleke barua yenye shida ya kweli bila muhuri, unarudishwa nayo mlangoni, lakini ikiwa na muhuri hakuna anayesoma umeandikwa nini, mtu anaangalia kama upo, kama ni wa duara, na kama wino ni wa bluu. Nilijua hivyo. Ndiyo maana niligonga, ili ionekane kweli, ili wanafunzi wapate shida kidogo, na nikabandika, nikafunga maktaba, nikaenda zangu nyumbani nikiwa nimeridhika sana.

Jumamosi asubuhi nafua nguo uani, simu ikaanza kulia mfululizo. Kundi la ukoo wetu la WhatsApp. Mjomba Elia, kaka yake mama, anaishi Dodoma lakini ndiye msimamizi wa kundi (na msimamizi wa maisha yetu sote), alikuwa ametuma ujumbe wa sauti aliotumiwa na mtu. Nikafuta mikono nikausikiliza. Sauti ya mwanaume, nzito, ya taratibu, kama ya watu wanaosoma taarifa ya habari, inasema ugonjwa mbaya wa ndege umeingia mkoa mzima wa Singida, kuanzia Jumapili alfajiri kuna watu watapita kijiji kwa kijiji na mafuta ya taa, kuku wanachomwa, hata vifaranga, na atakayeficha atashitakiwa.

Najua mnachokifikiria. Mnasema, mwalimu, si tangazo lako hilo? Ndugu zangu, sikulijua. Langu lilikuwa la Jumatatu, hili la Jumapili. Langu lilikuwa la kuku wanaozurura, hili la kuku wote. Langu halikuwa na mafuta ya taa. Langu lilikuwa karatasi nusu ukurasa kwenye ubao wa Utemini, na hili lina sauti nzito kutoka Dodoma. Limekwenda usiku kucha likanenepa, limenirudia likiwa limevaa suti, na mimi niliyelizaa nikalipa shikamoo.

Na msidhani sikulikagua. Nilikagua, na hiyo ndiyo inayoniuma. Nikasogea kwenye ukuta nikamwita jirani yangu Mama Husna, wao wana duka la vyombo karibu na soko na habari za mji huu zote hupitia kwenye duka lao kwanza.

"Mama Husna, umesikia habari za kuku?"

"Nimesikia toka jana magharibi, mwalimu. Wateja wote wanaongea hilo hilo. Shemeji yako ameshachinja wetu wote, tunakaanga tu hapa."

Hapo nikahesabu: Mjomba Elia mmoja, Mama Husna wa pili. Nikafungua kundi la walimu tuliosoma pamoja chuo, nako nikakuta mtu ameuliza kama ni kweli kuku wanachomwa. Wa tatu. Vyanzo vitatu, havijuani, vinasema kitu kimoja, na ndivyo nilivyokuwa nafundisha, kwamba habari ikitoka sehemu mbalimbali na ikalingana, ina uzito. Sikujiuliza kama hao watatu wote wameteka maji kwenye kisima kimoja. Nilikuwa namfikiria mama tu.

Inabidi mjue kuhusu kuku wa mama. Mama yangu ni mjane, anaishi Misigiri, na kuku wake si kuku wa kununua gulioni. Ni mbegu ya bibi yake, kuku warefu wenye shingo kavu, majogoo yanayotembea kama wenye nyumba, na mama alipoolewa alikuja nao kutoka kwao ndani ya tenga. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kimepita pale mara nyingi kikafagia kijiji kizima, na kila mara mama alikuwa anawafungia ndani, anawapa dawa kwa mkono mmoja mmoja, anabaki na wachache anaanza tena. Marehemu baba alikuwa anamtania kwamba siku nyumba ikiungua ataokoa kuku kwanza. Nikawaona hao kuku na mafuta ya taa, nikapiga simu.

Nyumbani tunaongea Kinyiramba, na kwa Kinyiramba ndivyo nilivyoongea naye, nawaelezeni tu kwa Kiswahili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

Nikamweleza yote. Nikasikia kuku wanalia nyuma yake, asubuhi ile alikuwa anawamwagia pumba.

"Mwanangu, hapa kuna mnunuzi amekuja na gari toka asubuhi, anasema hayo hayo, anataka kuwavusha kuku kwenda Dodoma kabla hawajachomwa. Mimi nimemkatalia. Nimeona anataka kutuibia tu kwa bei yake hiyo."

Sikieni hapo. Mama alikuwa amekataa. Mama, ambaye hajawahi kuhudhuria klabu ya habari ya mtu yeyote, alikuwa amemtazama mtu anayefaidika na habari na akaitilia shaka. Ningenyamaza tu hapo, hakuna kilichoharibika.

"Mama, uza," nikamwambia. "Bora upate chochote kuliko wachomwe."

"Una uhakika?"

"Mama, si ndiyo kazi yangu hiyo? Nimekagua mwenyewe."

"Hata wanaoatamia?"

"Hata wao mama. Wamesema hata vifaranga."

"Haya," akasema, na simu ikakatika, na mimi nikarudi kwenye nguo zangu nikiwa na huzuni lakini pia (Mungu anisamehe) na fahari kidogo kwamba nimemwahi mama yangu.

Nguo hazijakauka mkuu wa shule akapiga. Mkuu wetu ni mtu wa maneno machache, ukiona amepiga Jumamosi jua kuna kitu.

"Mwalimu, uko wapi? Njoo hapa getini. Kuna watu wamejaa, wanauliza kuhusu amri ya kuku. Nawaambia sijui amri yoyote, wananionyesha ubao wetu."

Ubao wetu. Niliweka ndoo chini, nikashika pochi. Sikuaga mtu. Nilikwenda nusu nakimbia, kanga ya kufulia bado iko kiunoni, na kutoka mbali nikawaona: kinamama, kinababa wenye baiskeli, vijana wa bodaboda, mtu mmoja ana majogoo mawili yamefungwa miguu yananing'inia kwenye usukani. Wote wamezunguka ubao. Vijana wananyoosha simu juu wanapiga picha, mzee mmoja ananakili kwa kalamu kwenye kiganja. Na katikati pale, kwa mwandiko wangu huu huu, tangazo langu, na muhuri wa bluu unang'aa.

Mkuu akaniangalia. Hakuuliza kitu, kwa sababu mwandiko wangu anaujua.

"Ni zoezi," nikasema.

"Waambie hao," akasema, "siyo mimi."

Nikapanda kwenye jiwe la pembeni ya geti nikawaambia ni zoezi la wanafunzi, si la kweli, nendeni nyumbani, kuku wenu wako salama. Wengine wakanielewa, wengine wakaniangalia kama mtu anayeficha jambo. Mwenye majogoo akauliza sasa kama si kweli mbona redio imesema, nikamuuliza redio gani, akasema hajui, ameambiwa na mtu aliyesikia. Nilibandua karatasi, nikaitia kwenye pochi, na wakati naibandua ndipo akili yangu ikafika ilipotakiwa kufika asubuhi. Mama.

Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Kumbe (nalijua hilo, nalijua miaka yote) mama Jumamosi anapeleka simu kuchajishwa dukani, inazimwa, inakaa huko mpaka jioni. Nikaingia kwenye kundi la ukoo, nikaandika: "Habari ya kuku ni ya uongo, jamani, anayeweza kumfikia mama amwambie asiuze." Mjomba Elia akajibu papo hapo: "Mwanangu, wewe ni mwalimu, usisambaze uzushi. Umethibitisha?" Nikamwandikia nimethibitisha, mjomba, mimi ndiye niliyeiandika. Akasema hapo ndipo anaona simu yangu imeibwa, na akanitoa kwenye kundi ili mwizi asije akawatapeli watu. Nilitolewa kwenye kundi la ukoo wangu nikiwa nasema kweli, baada ya kukaa ndani yake asubuhi nzima nikiamini uongo.

Sikuona njia nyingine, nikaenda kusimama barabarani nikapata gari linalokwenda Nzega, nikakaa mbele karibu na dereva. Mume wangu nilimpigia njiani, akaanza kucheka, akasikia navyopumua akaacha. Dereva alikuwa anaendesha vizuri tu, lakini mimi nilikuwa nakanyaga breki na mafuta ambazo sina. Nilikuwa najiambia mama ni mbishi. Mama hawezi kuuza upesi hivyo, atakaa, atazunguka banda, atapika kwanza, mama kuku wake hawaachi kwa simu moja. Kwenye mlima wa Sekenke hatukufika (Misigiri iko kabla), lakini katikati ya safari tukapishana na kenta iliyofungwa matenga mpaka juu, turubai linapeperuka, manyoya yanabaki hewani nyuma yake. Nikaitazama. Nikamwambia dereva, "Wanawahamisha hao," kama mtu asiyehusika, na kenta ikatupita ikaelekea Singida.

Misigiri nilikuta kenta ya pili imeegeshwa kando ya barabara na watu wamejipanga. Kinamama wa kwetu, wale walionibeba mgongoni, kila mmoja ana kuku kwapani au kwenye kikapu. Vijana wa mnunuzi wanapokea, wanasukumiza ndani ya matenga. Kwenye kivuli cha gari amekaa Mzee Mkumbo, mwenyekiti wa kitongoji chetu. Nilianza kusema kabla sijafika.

"Shikamooni. Msiuze. Naombeni msiuze, si kweli."

Foleni ikageuka. Mzee Mkumbo akanijibu marahaba kwanza, maana salamu ni salamu, halafu akauliza, "Nini si kweli?"

"Ya kuku, mzee. Hakuna anayechomwa kuku."

Mnunuzi, mtu mmoja mtaratibu aliyevaa shati jeupe, akasema, "Dada, mimi sikumlazimisha mtu. Na amri ipo, watu wanayo."

Mzee Mkumbo akatoa simu yake mfukoni, akaipapasa, akanionyesha picha. Ilikuwa karatasi yangu. Kutoka Utemini ilikuwa imefika Misigiri kabla yangu.

"Hii ina muhuri," akasema mzee. "Wewe unayeikanusha una karatasi? Ya kwako ina muhuri?"

Watu wakaitikia, wakasema kweli, alete na yeye karatasi. Nikaona vijana wanaendelea kupokea kuku. Nilikuwa na dakika chache na nilikuwa na njia moja tu, na niliijua, na sikuitaka. Nikafungua pochi nikatoa ile karatasi yenyewe, na matundu ya pini bado yako kwenye kona.

"Mzee, muhuri huo ni wangu. Niliugonga mimi."

Mzee akaichukua, akaisogeza mbali, macho hayakumsaidia. Akampa mama mmoja aliyekuwa mbele kwenye foleni, Mama Joyce, tuliyeimba naye kwaya moja, akamwambia soma huo muhuri. Mama Joyce akaweka kuku wake chini, akamkanyaga kamba, akasoma taratibu, kwa sauti.

"Maktaba. Imepokelewa."

Hakuna aliyecheka. Ningefurahi wangecheka.

"Maktaba ndiyo nani?" akauliza mtu kutoka nyuma.

"Ni chumba cha vitabu," nikasema. "Cha shuleni kwetu. Nilikuwa nawafundisha wanafunzi kutambua habari ya uongo. Hii ndiyo ilikuwa ya uongo. Nilitaka waikamate wao."

Mama Joyce akanirudishia karatasi. "Kwa hiyo sisi ulitufanyia mtihani?"

"Hapana, mama."

"Na tumefeli," akasema. Akainama akachukua kuku wake, akatoka kwenye foleni.

Hapo ndipo fujo ilipoanza. Kinamama wakalivamia gari, wanataka kuku wao, mnunuzi anasema ameshalipa, mzee anasema pesa zirudi na kuku warudi, matenga yakafunguliwa, kuku wakatapakaa barabarani, magari yanapiga honi, watoto wanakimbiza, na kila mama anamjua kuku wake, anamwita, anamfuata mpaka chini ya gari. Nilikimbiza nao. Nilimkamata mtetea mmoja mwekundu nikampa mwenyewe, akampokea bila kunitazama. Nilikuwa namtafuta mama kwenye ule umati, nikawa nawaangalia kuku wote wanaotoka nawatafuta warefu wenye shingo kavu. Hawakuwepo.

Nikamuuliza mnunuzi. Akasema kenta ya kwanza imeondoka muda mrefu. Nikamwomba ampigie dereva, akampigia, akaweka sauti nje nasi tukasikia wote upepo wa njiani.

"Bosi, nimeshapita Mkiwa," dereva akasema. "Wengine nimewashusha pale, kuna magari ya Dar yamewachukua. Waliobaki nimewachanganya, sijui wepi ni wa nani."

Mnunuzi akakata simu. Hakuwa mtu mbaya, alinipa pole. Na mimi nilikuwa nimepishana nao barabarani, nimewatazama kwa macho yangu.

Mama nilimkuta nyumbani amekaa kwenye kigoda mlangoni, anachambua mchicha. Uwanja ulikuwa kimya. Hujui uwanja wa mama ulivyokuwa na kelele mpaka uusikie umenyamaza. Banda limeachwa wazi, na ndani, kwenye kona alipokuwa anaatamia mtetea wa mwisho, kikapu kilikuwa bado kina mayai. Niliyagusa, yalikuwa yamepoa.

Nikapiga magoti nikamweleza yote, kuanzia muhuri mpaka ukutani kwa Mama Husna. Hakunikatiza. Alipomaliza mchicha akaukung'uta.

"Walikuja hapa wote," akasema. "Mama Joyce, na wenzake. Wakaniuliza, mama mwalimu, ni kweli? Maana na wao walikuwa hawamwamini yule mtu wa gari. Na ile karatasi kwenye simu ya mwenyekiti mimi sikuiamini, karatasi ni karatasi. Nikawaambia binti yangu amenipigia mwenyewe, na yeye ndiyo kazi yake. Nikatangulia mimi kuuza ili waone sitanii."

Nikalia. Aliniacha nilie, akaingia ndani kupika ule mchicha, na tukaula na ugali, na hakuna aliyesema kuku.

Jumatatu nilisimama mbele ya wanafunzi wote mstarini nikawaeleza kilichotokea, mkuu alitaka hivyo na alikuwa na haki. Wanafunzi wa klabu wakaniletea majibu ya zoezi. Karibu wote walilikamata tangazo la kuku. Mmoja, binti wa kidato cha tatu, alikuwa ameandika kwamba alilijua ni la uongo tangu Ijumaa, ila Jumamosi aliposikia nyumbani kwao kwamba walimu wenyewe wanawaambia ndugu zao wauze, akafuta jibu lake. Nilimpa alama zote.

Toka siku hiyo sijatuma habari mahali popote kabla sijamjua aliyeisema kwanza, yeye mwenyewe, kwa jina, na wenzangu shuleni wameshachoka na mimi. Wakinitumia kitu nauliza umekitoa wapi, wakisema kwa fulani nauliza fulani amekitoa wapi, mpaka wananiambia basi, futa. Muhuri niliukabidhi kwa mkuu, nikihitaji naenda kuuomba. Wanafunzi siwatungii uongo tena, upo wa kutosha.

Mama hajawahi kunisema tena kuhusu siku ile. Kitu kimoja tu kilibadilika, nacho nilichelewa kukigundua: kwenye simu siku hizi ananiongelesha Kiswahili. Kiswahili kizuri, cha heshima, kama anachoongea na wageni wa kanisani.

Mwezi uliopita nilimpigia kumwambia nina mimba, ya kwanza, baada ya mimi na mume wangu kuisubiri sana. Kwetu binti akijifungua, mama yake anakuja na kuku wake mwenyewe, anamchinjia, anampikia supu ya uzazi mpaka anyanyuke. Nilikuwa nalia nikimwambia.

"Umepima?" akauliza.

"Nimepima mama, hospitali."

"Aliyekupima yuko hapo?"

"Yupo mama, nesi yupo hapa."

"Mpe simu."

Nikampa. Nesi akaongea naye, akamjibu ndiyo mama, ndiyo mama, nimeona mwenyewe, akanirudishia simu huku anatabasamu.

"Hongera sana," mama akasema, na nikasikia kwamba amefurahi, sauti ilimtoka na machozi. "Nitakuja kukutunza, mwanangu, hilo usiwe na wasiwasi. Ila supu mtanunua kuku huko huko mjini. Wa kwangu uliniambia niuze."